Dell Latitude E6430 Mombasa: prosesa nzima, mipangilio mibovu

Dell Latitude E6430 ilitoka mwaka 2012, na mpaka leo haikosi kwenye rafu za wauza kompyuta za ex-UK mjini Mombasa. Inchi 14, mwili mgumu, betri inayochomoka kwa mkono, kumbukumbu ya DDR3 inayoongezeka hadi GB 16. Kwa kazi za ofisi, masomo na hesabu za duka bado inafaa, nasi tunaipendekeza. Ila nyingi huuzwa mipangilio ya kubana umeme ikiwa imevurugwa, au pamoja na chaja isiyo yake, kisha mnunuzi akilalamika huambiwa prosesa imezeeka. Prosesa haipungui kasi kwa umri. Ikienda polepole kuliko ilivyotoka kiwandani, kuna kitu kinachoiamuru.

Aina inayopatikana sana ina Core i5-3320M: kori mbili (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu), mwendo wa msingi GHz 2.6. Kazi ikizidi hupanda hadi 3.3 kori moja ikiwa peke yake, au 3.1 zote mbili zikiwa kazini. Ikikosa kazi hushuka hadi 1.2. Huko kushuka ndiko Intel wanakoita SpeedStep, na kupanda juu ya msingi ni Turbo Boost. Kando yake kuna C-state, yaani usingizi: kori isiyo na kazi hukatiwa umeme karibu wote, hata ikiwa ni kwa kipande kidogo cha sekunde. Mashine ikitulia, akiba kubwa hutoka kwenye usingizi huo wala si kwenye kushusha mwendo. Kwa hivyo anayeifunga prosesa kwenye asilimia 50 akidhani anaokoa tokeni hapati la maana. Kazi ya dakika moja inakuwa ya karibu dakika mbili, na muda wote huo kioo, diski na feni vinaendelea kula.

Sasa chaja, maana hapa ndipo E6430 inapowasumbua watu wengi. Dell huweka kisindano chembamba katikati ya plagi ya chaja. Kisindano hicho hakileti umeme wa kuendesha laptopu. Kazi yake ni kupeleka taarifa kwamba chaja ni ya Dell na ina wati ngapi, 65 au 90. Taarifa isipofika, laptopu ikiwaka huonya kwamba aina ya chaja haijulikani, hukataa kuchaji betri, kisha huishusha prosesa hadi GHz 1.2 au chini yake na kuiacha hapo hapo. Ukibadilisha mipangilio ya Windows usiku kucha haitapanda. Onyo hilo mtu hulipita kwa kubonyeza kitufe kimoja, na wengine hulizima kabisa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya laptopu kabla Windows haijaanza, ili mteja asilione.

Fundi akipima chaja hiyo kwa mita atapata volti 19.5 kamili na kuapa kwamba ni nzima. Mita imepima waya wa umeme tu, waya wa taarifa haikuugusa. Tazama kwanza kama kisindano kimepinda au kimekatika. Halafu chezesha waya karibu na plagi, pale waya huo unapochakaa kwa kuzungushwa, uone kama betri inaanza kuchaji. Kisha jaribu chaja nyingine ya Dell. Ikikataa na hiyo, kasoro iko kwenye tundu la laptopu, nalo kwenye modeli hii lina waya wake na hubadilishwa bila kuchomelea ubao mkuu. Kuthibitisha, bonyeza F2 nembo ya Dell inapotokea ili kuingia BIOS, kisha ufungue sehemu ya betri: aina ya chaja huandikwa hapo.

Kuna wanaotumia programu ya ThrottleStop kuzima ishara ya BD PROCHOT, ambayo ndiyo inayoibana prosesa. Inafanya kazi, kasi hurudi. Lakini chaja ya bei ya chini isiyojulikana nguvu zake ikibebeshwa mzigo mzima huchemka, na hatungeiacha hivyo kwenye chumba chenye watoto au makaratasi.

Chaja ikiwa sawa, rudi kwenye Windows. Fungua Control Panel, Power Options, mpango wa Balanced, kisha ushuke hadi sehemu ya Processor power management. Mistari yake ni mitatu. Kiwango cha chini kiache asilimia 5. Kiwango cha juu kwa umeme wa ukutani kiwe 99 badala ya 100. Asilimia hiyo moja huzima Turbo Boost, na prosesa haivuki GHz 2.6. Inafaa kwa sababu volti ya prosesa hupandishwa pamoja na mwendo, na umeme inaotumia hukua kwa mraba wa volti hiyo. Kwa hivyo ile GHz 0.5 au 0.7 ya mwisho ndiyo ghali kuliko zote. Kwenye kuandika barua, kuvinjari na kutazama video hutahisi tofauti, ila feni itanyamaza. Kwa kuhariri video, rudisha 100 na uvumilie kelele.

Anayesimamia mashine nyingi, tuseme za saiba, asihangaike na madirisha. Afungue dirisha la amri kama msimamizi, aandike powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99, kisha powercfg /setactive scheme_current. Kwa upande wa betri, ac ya amri ya kwanza iwe dc.

Mstari uliobaki kwenye Power Options ni wa kupoza. Ukichagua Active, feni huongezwa kasi kabla prosesa haijapunguzwa. Passive ni kinyume chake. Mombasa, laptopu ikiwa kwenye chaja, weka Active. Mashine hizi zilikaa ofisi za Uingereza, na huku wakati wa kaskazi chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 32 bila shida. Juu ya hayo, unyevu wa pwani hugandisha vumbi kwenye mapezi ya kipozeo likawa kama kitambaa. Hewa haipiti, prosesa hukaribia kikomo chake cha nyuzi 105, kisha hujipunguza yenyewe. Dalili yake si ile ya chaja: hapa mashine huanza vizuri, halafu huchoka baada ya kazi nzito, wakati ya chaja ni ya polepole tangu inapowaka. Dawa ni kufungua mfuniko wa chini, kusafisha mapezi na kupaka pesti mpya ya prosesa, tone dogo tu katikati.

Kwenye BIOS, ukurasa wa Performance, hakikisha SpeedStep, C-States na TurboBoost zote zimewashwa. Baadhi ya mafundi huzima C-States wakisema mashine inakuwa nyepesi. Ni kinyume: mwendo wa 3.3 hupatikana pale tu kori ya pili inapolala, kwa hivyo ukizima usingizi umeipoteza hiyo 3.3 na feni haitulii tena.

Usitarajie muujiza kwenye tokeni. Ukipunguza wati 10 kwa saa 10 kila siku, umeokoa uniti 3 kwa mwezi. Faida iko kwenye joto, kelele, na muda wa betri stima inapopotea.

Watumiaji wa Linux wengi hushtuka wakiona hali ya prosesa imeandikwa powersave, yaani kuokoa umeme. Kwenye kizazi hiki, chini ya intel_pstate, kiendeshi cha Linux kinachosimamia mwendo wa prosesa, hali hiyo bado hupandisha mwendo kazi ikija. Neno hilo hilo chini ya kiendeshi kingine, acpi-cpufreq, ambacho hukutwa kwenye prosesa za zamani za Core 2 Duo, huifunga prosesa kwenye mwendo wa chini kabisa. Huko chagua hali ya ondemand au schedutil. Na kwa kuwa Microsoft walikoma kuitunza Windows 10 mnamo 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali prosesa hii rasmi, Linux ndiyo njia tunayoipendelea kwa E6430.

Ukiwa dukani, omba iwashwe kwa chaja ile ile utakayoondoka nayo, betri ikiwa ndani. Fungua Task Manager, ukurasa wa Performance, uangalie Speed huku ukifungua video mbili tatu kwa pamoja. Namba inayoruka kati ya 1.2 na 3 ni afya. Iliyoganda kwenye 1.2 au chini, badilisha chaja mbele ya muuzaji uitazame tena. Kisha ingia BIOS usome aina ya chaja mwenyewe. Muuzaji akikuambia BIOS ina nenosiri asilolijua, muachie laptopu yake, maana hakuna hata moja ya mipangilio ya BIOS utakayoweza kuirekebisha nyumbani.