“Ile Ni Nembo Tu, Madam”: Uzoefu Wangu na Gari Lililokosa Mwenyewe

Nilisema nitaandika hasira zikipoa. Hazijapoa, na sioni dalili kama zitapoa, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Jina la gari silitaji. Wenye nalo watalijua kabla sijafika mbali. Ni gari dogo la Ulaya, nililinunua likiwa limeshatumika Uingereza, likaletwa kwa meli, nikalipia ushuru kwa jasho langu. Sifa zake mtazisoma mnakozisomaga. Mimi naeleza kilichonikuta barabara ya Morogoro na kilichonikuta kaunta ya wakala, na kati ya hayo mawili, la kaunta ndilo linaloniamsha usiku.

Kabla ya kununua niliuliza watu. Wengi waliniambia chukua Toyota, spea zake zipo hadi kijijini. Nikawajibu kwamba hili nalo lina wakala hapa Dar, ana gereji yake, ana mafundi waliosomea, ana stoo. Nilikwenda mwenyewe nikaiona hiyo stoo kwa macho. Nikaridhika. Miaka ya mwanzo gari halikunipa neno. Nilikuwa naliosha Jumamosi kwa mkono wangu, nikimkataza hata mwanangu asiliguse na dekio.

Katikati ya miaka hiyo kampuni mama huko kwao ikaungana na nyingine. Niliisikia kwenye taarifa ya habari nikiwa jikoni, nikageuza chapati. Yangenihusu nini mimi mambo ya matajiri wa Ulaya? Wakala akabadilisha bango, ukuta ukapakwa rangi mpya, mlinzi getini akabaki yule yule. Nikadhani ndiyo yamekwisha hapo.

Sasa sikilizeni.

Jumapili moja, mvua za vuli zikiwa zinakaribia, nilikwenda Morogoro kumchukua mama. Kurudi tulisimama Chalinze, mama akachagua mananasi sita, la kila mtu wa nyumbani kwangu, tukayapanga kwenye buti juu ya mkungu wa ndizi. Tukaondoka vizuri. Tulipoipita mizani ya Vigwaza, mbele yetu kuna lori la mafuta, nikakanyaga breki kupunguza mwendo. Breki imekuwa ngumu kama nimekanyaga jiwe. Gari linapungua mwendo kidogo kidogo, wakati lori lenyewe limeshawasha taa za nyuma. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Nikashusha gia. Nikavuta breki ya mkono na kutoka pembeni kwenye majani, na gari likasimama nikiwa siwezi hata kuuachia usukani.

Hapo ndipo ikawaka ile taa nyekundu ya oili, yenye umbo la birika. Nikazima injini. Mama hakupiga kelele. Aliniwekea mkono begani, akaniuliza, “Mwanangu, umeumia?” Mananasi yalikuwa yamevingirika mpaka kwenye viti vya nyuma.

Brekidauni ilinitoza laki tatu na nusu mpaka Dar. Sina neno na yule kijana, alifanya kazi yake na alimpa mama kiti cha mbele.

Kesho yake asubuhi gari liko kwa wakala. Na huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Nilimkuta kaunta kijana mtanashati, shati limenyooshwa. Nikamsalimia, nikaeleza yote: breki, taa, lori, mama. Alikuwa anatazama kompyuta. Aliponiomba kadi ya gari aliichapa namba, akatazama, akaisukuma kadi kurudi kwangu kwa kidole kimoja. Akasema, “Madam, hili gari si letu. Hili ni la kampuni ya zamani.”

Nikadhani hajanielewa. Nikamwambia huduma zote za mwanzo nimefanyia hapa hapa, mihuri yenu imo kwenye kitabu. Nikamfungulia kitabu. Akasema ile ilikuwa kabla ya muungano, na sasa wana orodha mpya ya magari wanayohudumia. Juu ya kichwa chake, ukutani, kumepangwa nembo za aina zote za magari za hiyo kampuni mpya iliyozaliwa. Ya gari langu ipo, ya tatu kutoka kushoto, inang'aa. Nikainyooshea kidole. Nikamuuliza, na ile?

Akageuka akaitazama, akanirudia. “Ile ni nembo tu, madam.”

Ile ni nembo tu! Nimelikosa lori la mafuta kwa pumzi moja, mama yangu wa miaka 70 na kitu yuko ndani, na mtu ananiambia ile ni nembo tu. Hakuna pole wala kiti, hata jina la fundi mwingine hakunipa. Nilisimama pale nikikumbuka nilivyoonyeshwa stoo.

Nilipong'ang'ania, wakalipima kwa mashine yao kwa malipo ya laki na nusu, wakaniandikia profoma, yaani karatasi ya bei kabla ya kununua, ya injini nzima: milioni 11 na laki nane, kusubiri miezi mitatu, nusu inalipwa kwanza. Yaani gari si lao, lakini injini wanaweza kuniuzia. Nikauliza kuhusu dhamana, maana nilikuwa nimeambiwa huko Ulaya wenye injini kama yangu waliongezewa muda wa kudai. Nikajibiwa mpango huo ni wa Ulaya. Gari limetengenezwa Ulaya, limeendeshwa Ulaya, ila dhamana haikupanda meli.

Nikaliburuza hadi Ilala, kwa fundi ambaye mume wangu alimjua tangu enzi za gari letu la kwanza. Mtu mzima, hana bango lolote, ana mwembe na benchi. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye breki ngumu akasema, “Dada'angu, ngoja nishushe sampu kwanza kabla hatujasema injini imekufa.”

Aliposhusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, aliniita nije nione. Kwa wasiojua, na mimi sikujua: magari mengi taimingi belti yake, ule mkanda unaofungua na kufunga vali za injini kwa wakati wake, iko nje, kavu, na mengine yanatumia cheni. Kuna injini za watengenezaji kadhaa ambazo belti hiyo inazunguka ndani, inaogelea kwenye oili. Ukiweka oili isiyo yake, au petroli ikipenya na kuchanganyika na oili kwa safari fupi fupi za foleni, mpira wa belti unavimba, unapasuka, unaanza kumeguka. Ile chenga inashuka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili. Injini inakosa oili huku ukipima kijiti kinakuonyesha oili imejaa. Chenga nyingine zinaingia kwenye pampu inayovuta hewa ya kusaidia breki, na hapo breki inakuwa jiwe. Chujio langu lilikuwa limezibwa na uji mweusi. Fundi aliuchota kwa bisibisi akaupaka kwenye gazeti.

Jambo moja lilinichoma kuliko hata bei. Kitabu changu kinasema belti hiyo inakwenda miaka 10. Kumbe wenyewe baadaye waliupunguza muda huo! Walijua. Mihuri iliyomo kwenye kitabu ni ya wakala, simu yangu wanayo, meseji za sikukuu walikuwa wananitumia kila mwaka. Hii moja ya belti ndiyo iliyowashinda kutuma?

Marehemu baba alikuwa dereva wa Land Rover 109 huko Shinyanga, anabeba watu wa pamba. Kampuni ile imepita mikononi mwa watu mpaka utachoka kuhesabu: Leyland waliichukua Rover, waliokuwa wakiitengeneza Land Rover, mwaka 1967, mwaka uliofuata ikawa British Leyland, 1975 serikali ya Uingereza ikaishika, 1988 ikaenda British Aerospace, 1994 BMW, 2000 Ford, 2008 Tata wa India. Baba alihangaika na spea, tena sana, miaka ile ya mwanzo ya 80 nchi haina fedha za kigeni. Lakini alihangaika kwa sababu spea hazikuwepo. Hakuna aliyewahi kumwambia Land Rover yake haina mwenyewe. Na kilichoharibika alikiona kwa macho, akakifungua kwa spana, akakifunga.

Sitaki kuwa mtu wa kusema kila muungano ni balaa, ingawa moyo wangu leo unataka niseme hivyo. Hyundai waliichukua Kia mwaka 1998 ikiwa imefilisika, na leo hizo Kia zinapita hapa mjini na wenye nazo wanatabasamu. Mwaka huo huo Daimler-Benz na Chrysler waliungana, wakauita muungano wa walio sawa, na 2007 Wajerumani wakauza sehemu kubwa ya Chrysler wakaondoka. Tofauti kati ya hizo mbili wataalamu wa biashara wanaijua. Mimi najua tu kwamba makampuni yakioana, harusi inafanyika Ulaya, na huku mtu anaulizwa gari lake ni la ukoo gani.

Fundi aliagiza belti, pampu ya oili, chujio na pampu ya breki kupitia kijana anayekwenda Dubai kila mwezi. Vilifika baada ya wiki tatu hivi. Alisafisha injini mara mbili, akamwaga oili, akaweka nyingine, akamwaga tena. Nilikuwa nakaa kwenye benchi lake jioni nikitoka kazini, nikinywa kahawa, nikimwangalia anavyopanga boliti kwenye trei moja moja kwa mpangilio wa kuzitoa. Gharama yote, spea na ufundi, ilifika milioni mbili na laki tisa. Ni hela nyingi. Ada ya muhula mzima ya mtoto wangu ilichelewa kwa ajili yake, na siku ile naingia ofisi ya mhasibu wa shule kuomba muda, nilimkumbuka tena yule kijana wa kaunta na kidole chake.

Hivyo nilirudi kule. Mume wangu alinisihi niache, sikuacha. Nilifunga ule uji mweusi ndani ya gazeti lake, nikaenda nikaufungua juu ya kaunta. Kijana hakuwepo. Alikuja mama mmoja wa makamo, nikaambiwa ndiye msimamizi. Nilimwaga yote, kwa sauti ambayo wateja wengine waligeuka.

Hakubisha. Alitazama ile chenga, akaigusa kwa ncha ya kalamu. Akasema, “Pole sana mama. Pole kweli.” Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku orodha mpya ilipofika walishtuka na wao, mafundi wanne waliosomea magari ya aina yangu waliondolewa mwezi ule ule, na stoo ilifungashwa kwenye kontena ikaenda wasikokujua. Yeye ana mwaka wa kumi na tano pale. Aliniandikia kwenye karatasi namba kamili ya oili inayofaa injini ile, akaniambia nibadilishe kila kilomita 5,000 na nisisikilize kitabu.

Nilitoka pale nimepungukiwa maneno. Nilikwenda na hasira za kumtosha mtu mmoja na nimemkuta mtu aliyetupwa kama mimi. Kwa hiyo nikisema wakala ni wabaya, nitakuwa nimemsema na huyo mama, na sitaki. Nikisema ni wazuri nitakuwa nimesahau breki. Wa juu kabisa, waliosaini, siwajui wala hawanijui.

Na gari? Hapa ndipo nitawaudhi mliosoma mpaka hapa mkingoja niseme msinunue. Linatembea vizuri kuliko siku niliyolitoa bandarini. Limekuwa kimya, linakunywa mafuta kidogo, kilima cha Kimara linakipanda bila kulalamika. Nimeliendesha kilomita karibu 4,000 tangu litengenezwe. Ninalipenda, ndiyo, nimesema. Mtu akiniuliza kama anunue nitamwambia hapana, na akiniuliza kama nauza nitamwambia hapana vilevile.

Ila mwenye nalo asisubiri miaka ya kwenye kitabu. Mwambie fundi wako afungue kifuniko cha kutilia oili, amulike kwa tochi. Kwa injini kama yangu belti inaonekana pale. Ikiwa ina nyufa au imetanuka, usiende nalo hata Kibaha. Na akushushie sampu, hata kama hakuna taa iliyowaka, maana yangu iliwaka nikiwa nimeshaingia majanini.

Mama anakuja tena mwezi ujao. Nilipomwambia gari limepona alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema safari hii atapanda treni ya umeme, na mananasi nitayanunua mwenyewe hapa mjini. Sikumbishia. Nitamfuata stesheni, na nitakwenda nalo hilo hilo.