Mavazi matatu ya kubana niliyovaa baada ya lipo, na lipi lilistahili hela yake

Nianze na hukumu yenyewe. Ukienda kuchagua vazi la kubana la baada ya lipo, yaani upasuaji wa kunyonya mafuta mwilini, kwanza angalia linafunguka wapi na linaishia wapi, habari ya kiuno kubana iache mwisho, ila wauzaji wengi hapa Dar wanaanza na kiuno tu kwa sababu ndo kinachouza. Mi nilifanya tumbo, mbavu na mgongo wa chini, nimepona vizuri namshukuru Mungu, na nimevaa mavazi matatu tofauti kabisa, kwaiyo nnayoandika hapa ni yale niliyoyaona mwilini mwangu pamoja na maelekezo ya daktari na nesi aliyekuwa ananihudumia.

La kwanza ni la hospitali, unazinduka unalikuta mwilini. Kwa macho halivutii kabisa, rangi ya ngozi, halina jina wala urembo, lakini lina zipu pande zote mbili kuanzia karibu na kwapa mpaka pajani, na chini ya zipu kuna vifungo vya kulabu kama vya sidiria, safu tatu, mabegani mikanda ya kurefusha na kufupisha, na katikati ya miguu liko wazi ili ukienda chooni usilivue. Hizo zipu za pembeni ndo kila kitu jamani. Nesi alikuwa ananilaza ubavu, anafungua upande mmoja tu, anafuta, anabadilisha pedi, alafu anafunga kulabu moja moja kuanzia chini kwenda juu huku vidole vya mkono mwingine amevipitisha kwa ndani ili ngozi isinaswe, zikiisha zote ndo anapandisha zipu taratibu. Sikuinua mguu hata mmoja. Sasa hebu fikiria vazi la kuvaa kama suruali, ulivute lipite mapajani, kwenye nyonga, juu ya tumbo lililovimba na kuvilia damu, mwenyewe hata kuinama huwezi!

Alafu kuna suala la maji. Siku za mwanzo yanatoka maji ya pinki kwenye vile vitundu walivyopitishia mrija wa kunyonya mafuta, na yanatoka mengi, unalowanisha pedi na shuka, tandika nailoni juu ya godoro mapema. Ni maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na adrenalini, wanayaingiza kwenye mafuta kabla ya kunyonya, njia aliyoianzisha daktari wa ngozi wa Marekani, Jeffrey Klein, miaka ya 80, na ndo iliyofanya damu ipungue sana kwenye hii upasuaji. Mengine yanabaki ndani na lazima yapate pa kwenda. Vazi linakandamiza ngozi irudi kukaa juu ya nyama, maji yasijikusanye pale katikati, na uvimbe ushuke haraka. Kwaiyo kitambaa lazima kipitishe hewa na maji, ukikiinua mbele ya taa uone mwanga unapenya. Na vazi halichomi mafuta, mtu akikwambia hivo anakuuzia maneno.

La pili aliniletea wifi yangu kutoka duka moja Kariakoo, nipate la kubadilishia lile la hospitali likifuliwa. Elfu arobaini na tano. Muuzaji alimwambia "dada angu hii ni faja orijino ya Colombia, wiki mbili tu kiuno cha nyigu". Faja ndo vazi la kubana kwa Kihispania. Jina la duka naliacha, ila lile vazi sikulipenda na sitalisifia. Kwa ndani lina raba, pembeni limewekewa mifupa ya plastiki, linafunguka mbele tu mpaka usawa wa kitovu, huko chini unaingiza miguu. Raba haipitishi jasho na ilikuwa Februari, mnajua joto la Dar la mwezi huo, hata ukae chini ya feni mgongo unalowa na vipele vinaanza. Lakini kibaya zaidi ilikuwa ukingo wa juu, ukikaa tu unajikunja unakuwa kamba chini ya matiti. Siku ya kuonana na daktari aliponifungua akanionesha mfereji, mstari umezama kwenye ngozi kutoka ubavu mpaka ubavu, akapitisha kidole juu yake nikausikia kabisa ulivo. Akanieleza kwamba sehemu iliyonyonywa mafuta bado ni laini na imevimba, ukingo ukikaa palepale kwa muda mrefu panaweza kubaki na bonde au kukomaa pakawa pagumu. Akasema hili livuliwe leo leo.

Sio kwamba faja za Colombia ni mbaya, hapana. Kule wanazitengeneza kwa umakini, Medellín ni mji wa viwanda vya nguo tangu zamani, na faja ya kweli ya upasuaji inaandikwa kabisa ni ya hatua ya kwanza au ya pili. Ya kwanza inabana kwa upole, ya pili inabana zaidi na inavaliwa uvimbe ukishashuka. Ile ya Kariakoo haikuandikwa chochote zaidi ya saizi M. Kama unataka kutokelezea kwenye send-off ya mtu na hujafanyiwa chochote, vaa, itakupendeza tu.

La tatu ni la kampuni ya Marena, binamu yangu alinibebea kutoka Marekani alivokuja likizo. Hawa wako Georgia na kazi yao kubwa ni mavazi ya watu waliotoka kwenye upasuaji, na unaliona hilo ukilishika tu. Kitambaa kinavutika pande zote, kwenda juu na kwenda pembeni, ukikiachia kinarudi palepale. Ukingo wa mapajani umeachwa mpana na laini. Niliweza kulala nalo, nikainuka kitandani, nikakaa mezani kula bila kushika pumzi. Bei ndo hiyo sasa, dola mia moja na zaidi, na kama huna wa kukubebea unaongeza usafirishaji. Kwa walio na ndugu Ulaya kuna kampuni ya Lipoelastic ya Czech, nao wanatengeneza mavazi ya aina hiyohiyo. Mimi naona hiyo hela ilienda mahali pake, maana unaishi nalo usiku na mchana, wengi wanaambiwa wiki nne mpaka sita, wengine nane, daktari wako ndo atakwambia.

Saizi sasa, hapa watu wengi wanaumia. Usinunue kwa herufi. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno pale kilipo chembamba, pima nyonga pale palipo panene, pima paja kama limeguswa, alafu linganisha na jedwali la sentimita la kampuni yenyewe maana za Colombia huwa ni ndogo, M yao inaweza ikawa S ya mwingine. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, kwa vazi la mwanzo chukua kubwa, utalipunguza kwa safu za kulabu uvimbe ukishuka. Usinunue la kiuno unachokitamani, nunua la mwili ulionao leo ukiwa umevimba.

Kama ni tumbo na mbavu, vazi lianzie chini ya matiti na lishuke mpaka katikati ya paja, lisiishie katikati ya eneo lililonyonywa. Kama mapaja nayo yamefanyiwa, litafute linalopita goti. Ukishavaa, kaa kwenye kiti dakika kadhaa alafu jikague kwenye kinena na nyuma ya goti kama kitambaa kimejikunja. Vuta pumzi mpaka mwisho. Ingiza kidole kwenye ukingo, kikipita kwa taabu sana limebana kupita kiasi. Ganzi, miguu kuvimba au kubadilika rangi, fungua na umpigie daktari. Sponji na ule ubao wa tumbo vinavyowekwa ndani ya vazi, weka kama umeelekezwa tu, nimeona wadada wanajipangia wenyewe, sponji inajikunja ndani inaacha alama.

Na mara ya kwanza kulivua kwa ajili ya kuoga usiwe peke yako. Kile kibano kikiachia ghafla presha inashuka, kizunguzungu kinakuja, unaweza kuanguka bafuni. Mi dada yangu aliniweka kwenye kiti cha plastiki, akafungua zipu kidogo kidogo huku ananiongelesha, kumwagiwa maji ikaja baadae. Ukisikia maumivu ya kigimbi cha mguu mmoja, pumzi kubana ghafla, kifua kuuma au homa, hapo sio habari ya vazi tena, kimbia hospitali hata kama ni saa nane usiku.

Kwa kukaa nyumbani nilivaa dera juu yake na fulana nyembamba ya pamba isiyo na mshono ndani, jasho likapungua na vipele vikaisha. Kufua ni kwa mkono, maji ya baridi na sabuni laini, usiweke jiki, usiweke ya kulainisha nguo, usikamue kwa kunyonga, lifunge kwenye taulo ulikandamize alafu anika kivulini. Jua la moja kwa moja linaua ule mpira wa kitambaa. Na kwa sababu hiyohiyo msinunue la mtumba hata likiwa na jina kubwa, mpira wake ushachoka, utavaa na halitakubana inavyotakiwa.