Boti za Phuket na mahali pa kula: ipi ulipie, ipi uiache, na kwa nini uulize maji kwanza

Tangu kaskazi ianze kuvuma napokea lalamiko lile lile kutoka kwa wasomaji waliokwenda Phuket, kile kisiwa cha Thailand. Mmoja alikuwa kwenye fungate. Mwingine anafanya kazi Doha, akapanda ndege ya moja kwa moja. Wa tatu ni mama wa Kariakoo aliyemaliza kufunga mzigo wake wa nguo soko la Pratunam, Bangkok, akaona ajipumzishe pwani kabla ya kurudi. Wote walinunua safari ya boti, wote wakafikishwa mlangoni mwa kile walichokiona kwenye picha, na hakuna aliyekipata. Wa fungate waliishia nje ya Pileh, ile hori ya maji ya kijani iliyozungukwa na majabali kisiwani Phi Phi Leh. Wa Doha alikuta tope mahali alipoahidiwa pango. Mama wa Kariakoo aliteremshwa ufukweni Rawai, kusini mwa kisiwa, akakunja sketi na kuifuata boti kwa miguu juu ya mawe na matope. Kila mmoja aliambiwa na wakala kwamba bahari leo mbaya.

Bahari ilikuwa nzuri tu. Maji yalikuwa yamepwa.

Hili linaniudhi kwa sababu sisi ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganywa. Paje na Jambiani, mwanamke wa mwani anajua leo atashuka saa ngapi na kesho saa ngapi. Ukivuka Bahari ya Hindi hadi upande wa pili hesabu haibadiliki: maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, yanachelewa kama dakika 50 kila kukicha, bamvua huja na mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji mafu yakakaa katikati. Bamvua ya Phuket hupandisha na kushusha maji kati ya mita mbili na tatu. Kimo hicho kinatosha kuliziba pango hadi juu, au kuliacha na sakafu ya tope. Lakini pita vibanda vya safari pale Patong, ufuo unaojaa watalii, uone kama kuna hata kimoja kilichobandika jedwali la maji ukutani.

Basi sitapanga orodha hii kwa nyota za intaneti, wala kwa ubora wa tikiti maji linalokatwa botini. Nauliza jambo moja: huyu anayeniuzia, saa anayonitoa hotelini ameipanga kwa maji au kwa urahisi wa dereva wake?

Ya kwanza: vyumba vya bahari vya Phang Nga, mchana hadi usiku

Ghuba ya Phang Nga iko kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Phuket, imejaa majabali ya chokaa yaliyosimama wima kutoka baharini. Ndani ya baadhi yake, hasa kwenye visiwa vya Panak na Hong, mna mapango ambayo paa lilianguka zamani sana. Unaingia na kayaki kupitia tundu, umelala chali, pua inakaribia kugusa mwamba, halafu ghafla unatokea uwanjani: maji yametulia, mikoko, kuta zinapanda hadi mbinguni. Wenyeji wanaviita vyumba hivi hong. Maji yakijaa kupita kiasi tundu linaziba, yakipwa kupita kiasi unakwama, na ukizubaa ndani utasubiri bahari igeuke ndipo utoke. Muda wa kuingia ni mfupi, na hausogei kwa sababu basi lenu lilichelewa kumchukua mgeni wa hoteli ya Karon.

Hapa nina upendeleo na siufichi, na sijalipwa na mtu: chukua John Gray's Sea Canoe. Mwanzilishi wake ndiye aliyeanza kuwapeleka wageni kwenye vyumba hivi kwa kayaki mwishoni mwa miaka ya 1980, na kampuni imejengwa juu ya jedwali la maji. Safari yao iitwayo Hong by Starlight huanza mchana, saa ambazo makundi ya asubuhi yanajiandaa kurudi. Pango lipi litangulie na lipi lifuate, maji ya siku hiyo ndiyo yanaamua. Jioni mnakula botini, mnatengeneza krathong, kile chelezo kidogo cha shina la mgomba, maua na mshumaa, kisha mnaingia nacho pangoni gizani. Ukipitisha mkono majini, maji yanawaka.

Ni ghali, zaidi ya mara mbili ya boti ya kundi. Lipa. Kama fedha inatosha safari moja tu ya boti kwa likizo nzima, iwe hii. Kuna sababu nyingine ambayo mtu wa pwani ataielewa haraka: kisiwa cha Phuket kinaikinga ghuba hii na kusi. Kati ya Mei na Oktoba, Patong, Karon na Kata, fuo za magharibi, zinapigwa na mawimbi na bendera nyekundu zinapepea ufukweni (usiogelee, mkondo wa pale unavuta watu kila mwaka), huku Phang Nga boti zinaendelea kutoka.

Ya pili: boti ya mkia mrefu, kukodi nzima, kutoka Rawai

Ile ya mbao, yenye vitambaa vya rangi puani, injini ya gari nyuma na chuma kirefu kinachobeba pangaboi. Unakodi boti nzima kwa nusu siku kwenda Ko Bon au Ko Hae, kwa hiyo mkiwa wanne au watano bei inagawanyika vizuri. Kelele zake ni za kinu cha mashine, hilo ulijue mapema.

Ninaipenda kwa sababu unapatana na nahodha mwenyewe. Rawai wanaishi Urak Lawoi, watu wa bahari ambao wamevua hapo vizazi na vizazi. Muulize nahodha maji yanapwa saa ngapi, atakujibu bila kutazama simu. Kisha sharti lako liwe hili: kupanda na kushuka ni kwenye gati, si ufukweni. Ufuo wa Rawai maji yakitoka unabaki mawe matupu hadi mbali, na hapo ndipo mama yetu wa Kariakoo alipoachia kiatu kimoja.

Ya tatu: Phi Phi kwa spidiboti

Naiweka ya tatu kwa shingo upande, maana najua nusu yenu mtainunua hata nikisema nini. Basi nunueni mkijua mnachonunua.

Ghuba ya Maya, hapo hapo Phi Phi Leh, ilifungwa mwaka 2018 baada ya matumbawe yake kuharibiwa na boti na miguu ya watu, ikafunguliwa tena Januari 2022 kwa masharti. Boti haziingii mbele tena. Mnatia nanga nyuma, Loh Samah, mnavuka kisiwa kwa njia ya mbao, mnaingia kwa zamu, mnapiga picha. Kuogelea hairuhusiwi, ni kulowesha miguu tu. Halafu kila mwaka Agosti na Septemba inafungwa kabisa ipumzike. Mimi naliunga mkono katazo hilo. Nisichokiunga mkono ni mwuzaji anayekuonyesha picha ya msichana anaelea katikati ya Maya kama jani, akijua hutaruhusiwa.

Pileh ndiyo ya kuogelea, na mlango wake una kina kifupi. Maji yakipwa sana nahodha mwenye akili hataingia. Kwa hiyo mwambie wakala akuonyeshe ratiba, uilinganishe na jedwali la maji la Ko Taphao Noi, ambacho ndicho kituo cha kupimia cha Phuket. Kama kupwa kwa bamvua kunaangukia saa mliyopangiwa Pileh, badilisha siku. Akisema haina shida, ondoka.

Na wakati wa kusi usimbembeleze mtu akuvushe. Julai 2018 boti iitwayo Phoenix ilizama karibu na Phuket kwenye dhoruba, wakafa watalii 47 kutoka China. Tahadhari ya hali ya hewa ilikuwa imetolewa.

Kiingilio cha hifadhi ya Phi Phi kwa mgeni mtu mzima ni baht 400, Phang Nga ni 300, na vibanda vingi haviviweki kwenye bei viliyokutajia. Baht moja ni kama shilingi nne za Kenya, au sabini na kitu za Tanzania. Mthai analipa sehemu ndogo tu ya hizo. Hapa mtu wa Arusha aliyezoea kupita getini kwa kitambulisho huku Mzungu akihesabu dola ataionja dawa yake mwenyewe.

Zilizobaki

Meli kubwa ya Phi Phi kutoka gati la Rassada ni nafuu na haikutikisi, ila inakupeleka kukaa, si kuona. Boti ya kundi ya kisiwa cha James Bond, kile cha filamu, huko Phang Nga, ni ya bei poa kwa sababu: mnasimama ufukweni na watu mia kadhaa mkitazama nguzo ya mwamba ambayo boti zimekatazwa kuisogelea tangu 1998.

Visiwa vya Similan ni vizuri mno, vinafungwa katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba, na ni mbali. Ni ya wenye siku nyingi.

Mapapasi wa Patong

Mzanzibari akifika Patong atahisi yuko Forodhani, katikati ya mapapasi wanaowinda wageni, ila lugha imebadilika. Karatasi yenye picha imeandikwa baht 3,500, inakatwa kalamu mbele yako hadi 1,800, na unaambiwa ni kwa ajili yako tu, dada. Hiyo 3,500 haijawahi kulipwa na mtu. Kibanda cha pembeni kinauza boti hiyo hiyo, kiti hicho hicho, kwa bei nyingine, kwa sababu wote ni mawakala wa mwenye boti mmoja. Ndiyo maana hawajui maji: hawajawahi kupanda. Mapezi ya kuogelea utakodishwa mkishafika gatini, wakati huna pa kukimbilia. Mnachukuliwa hotelini saa moja asubuhi, mnakaa kwenye basi dogo mkizunguka hoteli zote za Kata na Karon, na saa ambayo maji yangekuwa mazuri inaisha mkiwa kwenye foleni. Andika saa ya boti kutia nanga kituo cha kwanza kwenye risiti, si saa ya gari kufika hotelini. Asiyekubali kuandika, mwache na karatasi yake.

Kula

Phuket ilitajwa na UNESCO kuwa mji wa ubunifu wa mapishi mwaka 2015, na chakula chenyewe kiko Mji Mkongwe wa Phuket, si Patong. Huko ndiko wahamiaji Wachina wa Kihokkien, Wamalay na Wathai walikopikiana kwa miaka mingi.

Namba moja kwangu ni Raya, mtaa wa Dibuk, ndani ya nyumba ya zamani ya ghorofa. Agiza kaa kwenye mchuzi wa nazi, anakuja amechambuliwa tayari, minofu mikubwa, na tambi nyembamba za mchele pembeni. Mtu aliyekulia kwenye nazi atajua mara moja kwamba tui hili halikutoka kwenye kopo la jana. Mezani kwa jirani utaona moo hong, nyama nyeusi inayong'aa, inanukia. Ni nguruwe, asiyekula asiidhanie ng'ombe.

Namba mbili ni roti asubuhi. Phuket ina Waislamu wengi na maduka ya halali utayaona kwa bango la kijani. Roti inachanwa na kuchovywa kwenye mchuzi wa massaman wa ng'ombe, wenye iliki, mdalasini na karafuu. Roti Taew Nam mjini ni ya zamani na mbele yake watu wanasimama, wahi. Ni kifungua kinywa cha bei ya chini kabisa kwenye orodha hii na siwezi kukisema vibaya.

Namba tatu ni soko la samaki la Rawai. Unachagua kamba, ngisi au kaa kwenye meza za wavuvi, unapatana, unavuka barabara na mfuko wako, mpishi anakupikia kwa malipo ya kilo. Patana kwa utulivu na uangalie mizani ikianzia sifuri. Jumapili jioni badala yake nenda Lard Yai, soko la barabara ya Thalang, ule ukitembea.

Ko Panyee, kile kijiji cha Waislamu kilichojengwa juu ya nguzo Phang Nga, makundi mengi hupelekwa kula mchana. Chakula cha kundi ni cha kundi. Lakini tembea nyuma ya migahawa uone msikiti, na uwanja wa mpira unaoelea ambao vijana wa kijiji waliuanza mwaka 1986 kwa mbao chakavu baada ya kutazama Kombe la Dunia.

Mwisho ni migahawa ya ufukweni Patong yenye barafu na samaki mbele. Kibao kinasema baht 180, mtu anaona rahisi, anamwonyesha kidole samaki mkubwa. Chini, kwa herufi za kutafuta na miwani, kumeandikwa kwa gramu 100. Samaki wa kilo moja na nusu hapo ni baht 2,700, kabla ya wali, kabla ya soda. Mwambie ampime mbele yako na aandike jumla kabla hajamtia motoni.