Mutt na viungo vya mailto: mapitio ya kazi moja ndogo

Mutt ni programu ya baruapepe inayoendeshwa kwa kibodi ndani ya dirisha la amri, isiyo na picha wala vitufe vya kubofya, na imekuwapo tangu katikati ya miaka ya 1990 ilipoandikwa na Michael Elkins. Wasifu wake wa jumla unajulikana, na waliokwisha kuipenda au kuichukia hawatabadilishwa na maneno yangu. Ninachotaka kukipima hapa ni kazi moja ambayo mtumiaji huwa haioni mpaka siku inapoharibika, nayo ni namna programu inavyokipokea kiungo cha anwani ya baruapepe, kile kinachoanza kwa neno mailto na nukta mbili, ikakichanganua na kukigeuza kuwa barua ambayo mpokeaji, mada na maneno ya mwanzo yamekwisha kujazwa.

Nilifika kwa Mutt nikiikimbia programu nyingine, iliyokuwa ikifanya kazi ndani ya kivinjari. Katika kazi yangu tulikuwa tukipokea taarifa za kila mwezi kupitia kiungo kilichoandaliwa mapema, ili mtumaji asihangaike kuandika anwani wala mada. Mada hiyo ilikuwa "Mapato & matumizi", na kichujio chetu upande wa pili kilitafuta maneno hayo hasa ili kuziweka barua mahali pake. Barua za baadhi ya wenzetu zikawa zinaingia na mada ya "Mapato" peke yake, nazo zikapotelea katika lundo la barua nyingine. Kwa muda mrefu tuliwalaumu kwamba wanafuta sehemu ya mada kwa uzembe, mpaka siku moja nilipokibofya kiungo mwenyewe kwa programu hiyo na kuona neno "matumizi" limetoweka mbele ya macho yangu, kabla sijagusa kibodi. Niliomba radhi kwa watu kadhaa siku hiyo.

Kosa lenyewe linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndilo linalotenganisha programu inayojua kazi hii na isiyoijua. Kiungo chetu kilikuwa hivi:

mailto:hesabu@example.com?subject=Mapato%20%26%20matumizi&body=Taarifa%20ya%20mwezi

Alama ya kuuliza inatenganisha anwani na sehemu zinazofuata, alama ya & inatenganisha sehemu moja na nyingine, na alama ya usawa inatenganisha jina la sehemu na thamani yake. Herufi ambayo ingeweza kuvuruga mpangilio huo huandikwa kwa alama ya asilimia na tarakimu mbili za mfumo wa kumi na sita: nafasi huwa %20, na & iliyo sehemu ya maneno yenyewe huwa %26. Kwa hiyo mpangilio wa kazi hauna mjadala. Kwanza unakikata kiungo kwenye vitenganishi vyake, kisha ndipo unapozisimbua herufi zilizofichwa ndani ya kila kipande. Ukianza kwa kusimbua, ile %26 inageuka kuwa & ya kawaida, na unapokuja kukata unaikata mada katikati. Kipande cha "matumizi" kinabaki bila jina wala alama ya usawa, na programu inakitupa kama takataka.

Kwa haki ya programu hiyo nisiyoitaja, ni lazima niseme kwamba huduma za wavuti zina mtihani mgumu zaidi katika jambo hili. Kivinjari kinapoikabidhi huduma ya wavuti kiungo cha mailto, hukifungasha kizima ndani ya anwani nyingine ya wavuti, na katika kufungasha huko alama za asilimia nazo husimbwa upya, hata %26 ikawa %2526. Huduma inapaswa kufungua tabaka la juu mara moja, ikate vipande, kisha ifungue tabaka la pili katika kila kipande. Inaelekea programu yetu ilifungua matabaka yote mawili kwa pamoja kisha ikakata. Ugumu huo unaeleza kosa, ila hauzirudishi barua zilizopotea.

Mutt haina tabaka hilo la ziada, kwa kuwa hupewa kiungo moja kwa moja, ama na mfumo wa kompyuta ama kwa mkono wa mtumiaji katika mstari wa amri. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na sehemu inayohusika ni fupi kiasi cha kusomwa kwa kikao kimoja. Hukata kwenye alama ya kuuliza, husimbua anwani na kuikabidhi kwa kichanganuzi kilekile kinachosoma anwani za barua za kawaida, kisha hupitia sehemu zilizobaki moja baada ya nyingine, kila moja ikikatwa kwanza na kusimbuliwa baadaye. Kiungo chetu cha mapato na matumizi kilifunguka barabara mara ya kwanza. Kwa kuwa anwani husomwa na kichanganuzi cha kawaida, hata anwani za ajabu zenye mkato ndani ya alama za kunukuu, ambazo sheria za baruapepe zinaziruhusu ingawa huenda usikutane nazo maishani, hazikatwi mahali pasipostahili.

Jambo la pili nililolipima ni alama ya kujumlisha, na hapa ndipo programu nyingi hujikwaa. Katika fomu za wavuti, alama hiyo imezoeleka kusimama badala ya nafasi. Katika viungo vya mailto sivyo kabisa: kiwango kinachotumika sasa, RFC 6068 cha Oktoba 2010, kinawaonya waandishi wa viungo wasiitumie alama hiyo badala ya nafasi, na wakiitaka yenyewe wanashauriwa kuiandika %2B ili kuepusha utata. Mwandaaji wa programu anayechukua kifurushi cha kusimbua fomu na kukitumia kwa mailto anaingiza kosa bila kujua. Madhara yake yanaonekana zaidi katika barua za kujiondoa kwenye orodha za matangazo, ambazo mara nyingi hutumia anwani kama ondoa+k7x2@example.com, ambapo kipande kilicho baada ya alama ya kujumlisha ndicho kinachomtambulisha anayejiondoa. Kikigeuzwa kuwa nafasi, anwani inavunjika, barua inarudi, nawe unaendelea kupokea matangazo uliyoyakataa. Mutt husimbua alama ya asilimia peke yake, na alama ya kujumlisha huiacha ilivyo. Ubaya wa msimamo huo ni kwamba kiungo kilichoandikwa kimakosa, chenye mada kama "Ombi+la+likizo", nacho kitafunguka na alama zake zote za kujumlisha. Mimi naona hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu mada yenye sura mbaya inasomeka, lakini anwani iliyovunjika haifiki popote.

Sasa nije kwenye kile kilichonifanya nibaki na programu hii, yaani namna inavyochuja sehemu za kiungo. Kiungo cha mailto kinaweza kubeba zaidi ya mada na mwili wa barua. Kinaweza kutaja wapokeaji wa nakala, wapokeaji wa nakala fiche (bcc), na kwa nadharia kichwa chochote cha barua, yaani mstari wowote wa maelezo unaotangulia mwili wake. Aliyekiandika ni mtu usiyemjua, na aliyekibofya ni wewe, kwa jina lako na kwa mafaili yako. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr Bochum na chuo cha Münster, nchini Ujerumani, walionyesha kwamba baadhi ya programu za baruapepe zilikubali kiungo cha mailto kilichotaja njia ya faili lililomo ndani ya kompyuta ya mtumiaji, na zikaliambatisha faili hilo kwenye barua mpya. Mtu angeweza kubofya kiungo kilichoonekana cha kawaida, akaandika mistari miwili, akatuma, asigundue kwamba ameambatisha ufunguo wake wa siri.

Waandishi wa Mutt walikuwa wamekwisha kuliwaza jambo hilo. Ndani ya msimbo wao upo mfano wa kichwa kinachojaribu kuambatisha faili la funguo za siri za GnuPG, programu ya kusimba barua kwa siri, umewekwa kama maelezo ya kwa nini sehemu za kiungo lazima zichujwe. Kinga yao ni orodha ya ruhusa: sehemu isiyomo ndani ya orodha haiingii, hata iwe na sura ya usalama kiasi gani. Mada na mwili wa barua vimo tangu mwanzo, na matoleo ya baadaye yameongeza nakala ya kawaida pamoja na vichwa viwili vinavyounganisha jibu na mazungumzo yake. Anayetaka zaidi huongeza mwenyewe kwa amri ya mailto_allow katika faili lake la mipangilio. Ipo pia njia ya kuruhusu kila kitu kwa kuweka alama ya nyota, na ushauri wangu ni kutoigusa njia hiyo hata kwa majaribio, kwa sababu Mutt inaelewa kichwa maalumu cha kuambatisha mafaili, na nyota ingekifungulia mlango hicho pia.

Juu ya hayo, hakuna kiungo kinachotuma barua chenyewe. Ukiisha kuandika na kufunga kihariri, unapelekwa kwenye ukurasa wa ukaguzi unaoonyesha kila mpokeaji, mada, na kila kiambatisho kwa mstari wake, na barua haiondoki mpaka ubonyeze herufi y. Nimeuzoea ukurasa huo kiasi kwamba programu zinazotuma papo hapo zinanitia wasiwasi.

Kasoro zipo, na ya kwanza ni ukimya. Sehemu isiyoruhusiwa huachwa bila onyo lolote. Nilipoandaa kiungo chenye nakala fiche kwa ajili ya kumbukumbu, kilifunguka vizuri mada na mwili, lakini mpokeaji wa nakala fiche hakuwapo, na hakuna neno lililoniambia kwamba ameondolewa. Hali ni ileile ukinakili kiungo kutoka katika msimbo wa ukurasa wa wavuti, ambamo alama ya & huandikwa &amp; kwa mujibu wa sheria za HTML. Kivinjari hulirekebisha hilo chenyewe, lakini ukikibandika kiungo hicho kwa mkono, sehemu ya mwili inakuwa na jina la amp;body, ambalo halimo katika orodha, na mwili wa barua unatoweka kimyakimya. Kuchuja ni sawa kabisa, ila mstari mmoja wa kueleza kilichochujwa usingemdhuru mtu.

Kasoro ya pili ni ukali. Alama ya asilimia isiyofuatwa na tarakimu mbili halali, kama katika mada iliyoandikwa "Punguzo la 50% kwa wote" bila kusimbwa, huifanya Mutt ikikatae kiungo chote kwa ujumbe mfupi kwamba imeshindwa kukichanganua. Haisemi imeshindwa wapi. Kisheria iko sahihi, kwa kuwa alama hiyo ilipaswa kuandikwa %25, lakini viungo vya namna hiyo vimejaa, na anayebanwa ni msomaji, si mwandishi wa kiungo.

Ya tatu si kosa la Mutt, ila itamkuta kila anayeanza. Ukiandika kiungo katika mstari wa amri bila kukizungushia alama za kunukuu, dirisha la amri linakichukua kabla ya Mutt kukiona. Alama ya & kwake ina maana ya kuiendesha kazi nyuma ya pazia, hivyo yote yaliyo baada yake hayafiki. Alama ya kuuliza nayo huihesabu kama herufi ya kutafutia majina ya mafaili, na baadhi ya madirisha ya amri hukataa hapohapo kwa kusema hakuna faili linalolingana. Nilipoteza alasiri nzima nikiituhumu programu kabla ya kugundua kwamba nilihitaji alama mbili tu za kunukuu.

Kuiunganisha Mutt na kivinjari, ili kubofya kiungo kuifungue, kunahitaji kuandika faili dogo la mipangilio na kuujulisha mfumo kwamba viungo vya mailto ni vyake. Aliyezoea Linux atamaliza kwa dakika chache, na asiyezoea atahitaji msaada wa mtu. Vilevile Mutt yenyewe haizigeuzi anwani zilizomo ndani ya maandishi ya barua kuwa viungo vya kubofya. Kazi hiyo inaachiwa programu ndogo za pembeni, na ubora wake ni wa programu hizo.

Kwa mtu anayepokea barua chache kwa siku na kuzijibu kwa simu, siwezi kuipendekeza kwa ajili ya viungo peke yake. Kwa anayefungua viungo vingi kutoka kwa watu asiowajua, au anayeandaa viungo vya kutumiwa na wengine na kuhitaji mahali pa kuvijaribu kwa mujibu wa kiwango, sijapata inayoipita. Siku hizi kila kiungo ninachokiandaa hupita kwanza kwenye Mutt, ndani ya alama za kunukuu, na faili langu la mipangilio lina mstari mmoja tu kuhusu jambo hili: mailto_allow bcc.