Matone ya siklosporini kwa macho makavu: uzoefu wangu

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngara, Nairobi, na macho ndiyo mtaji wangu. Yalikuwa yanawasha na kuchoma, hasa alasiri, halafu cha ajabu yanachuruzika machozi. Mteja anakuja kuchukua suti ananikuta nalia, ananipa pole kama nimefiwa. Daktari aliposema nina macho makavu, nilidhani ananitania. Akanieleza kuwa machozi yale ni ya dharura: jicho likiungua kwa ukavu linamwaga maji mengi kwa mkupuo, lakini hayana mchanganyiko wa kuyafanya yatulie machoni. Yanateremka shavuni, ukavu unabaki palepale.

Kipimo chenyewe ni kikaratasi tu. Kinachomekwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5, kisha daktari anasoma kimelowa milimita ngapi. Chini ya 10 kuna shida. Changu hakikufika hata 5. Aliuliza pia kama mdomo unanikauka au viungo vinauma, maana upo ugonjwa uitwao Sjögren unaokausha macho na mdomo pamoja. Sina, alhamdulillahi.

Akaniandikia siklosporini ya 0.05%, tone moja kila jicho asubuhi na jioni. Inakuja katika vichupa vidogo vya plastiki. Unakipindua kichupa mara kadhaa mpaka dawa iwe nyeupe kama maziwa, unatumia, unatupa. Ni dawa ileile wanayomeza waliopandikizwa figo ili mwili usiikatae figo mpya. Jichoni inatuliza kinga ya mwili, ambayo kwa sisi wenye ukavu huleta uvimbe unaoziba kazi ya tezi za machozi. Marekani iliidhinishwa kwa macho makavu mwaka 2002, kwa hiyo si dawa ya kujaribishiwa watu.

Sasa ukweli wake: inachoma. Wiki za mwanzo nilikuwa nikishatia nakaa nimefumba macho, nanung'unika peke yangu. Na ni ya polepole mno. Daktari alinionya kwamba inaweza kuchukua miezi 3 hadi 6, na hapo ndipo wengi wanaiacha.

Jirani yangu wa kibanda alinihurumia. "Dada, achana na hayo ya bei. Chukua haya yangu, kesho uko sawa." Nikasoma boksi: deksamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, pamoja na antibiotiki, kutoka kwa kemisti, bila karatasi ya daktari. Hakusema uongo, steroidi hutuliza jicho haraka. Lakini ukiitumia muda mrefu bila kuangaliwa inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Hata mimi niliandikiwa steroidi hafifu ya muda mfupi mwanzoni, kunivusha wakati siklosporini inajivuta, ila nilipimwa presha ya jicho kabla na baada. Jirani yangu anaitumia mwaka mzima. Nimemsihi akapimwe, bado anasema atakwenda.

Nilijua imefanya kazi siku niliyofumua mshono wa uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, jioni, bila kusimama kufuta macho. Hiyo ilikuwa karibu na mwezi wa nne. Sijapona kabisa. Feni ikinielekea au nikipanda boda Thika Road bila miwani, moto unarudi. Machozi ya bandia bado nayabeba mkobani, ila nasubiri dakika 15 kati yake na siklosporini.

Bei inauma kuliko dawa yenyewe, na nalipa kutoka mfukoni. Inatofautiana sana kati ya kemisti mmoja na mwingine, hivyo piga simu kadhaa kabla ya kupanda matatu. Mimi boksi likikaribia kwisha naanza kuulizia mapema, maana huadimika bila taarifa.