Kisu cha kuchunia kutoka Katuba: maoni ya mwindaji wa siku nyingi

Yeyote anayewinda kwa kibali katika mapori ya Haut-Katanga, kusini mashariki mwa Kongo, na ambaye anatafuta kisu kimoja tu cha kuchunia, ningemshauri asianzie kwenye maduka ya katikati ya mji wa Lubumbashi, bali aende mtaa wa Katuba, kwa mafundi wanaofua visu kutokana na resori za malori makuukuu. Katika maisha marefu ya uwindaji nimeshika visu vya Ufaransa, vya Marekani na vile vinavyoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na nitakipa kila kimoja haki yake. Hata hivyo, kisu ninachofunga kiunoni siku hizi ni cha Katuba, na maoni haya yanakihusu hicho kuliko kingine chochote.

Kisu cha uwindaji hakiwezi kuhukumiwa bila kuijua kazi yake. Wanyama tunaowafuata mara nyingi ni nsya na pongo, na pongo dume aliyekomaa huwa na uzito wa kati ya kilo 40 na 80. Mnyama akishaanguka, hasa mwezi wa Septemba au Oktoba ambapo joto la Katanga limepanda na mvua bado haijaanza kunyesha sawasawa, mwindaji hana muda wa kupoteza: inampasa apasue tumbo bila kutoboa utumbo wala kibofu, atoe vya ndani, aache hewa ipoze nyama, kisha achune ngozi na kutenganisha viungo. Bapa refu halisaidii katika lolote kati ya hayo. Vijana wengi hununua visu vinavyokaribia urefu wa panga, wakidhani kwamba ukubwa ndio nguvu, ilhali paja la pongo hutenganishwa na nyonga kwa kulitafuta pengo la kiungo kwa ncha, bila kuugonga mfupa hata mara moja. Bapa la sentimita 9 hadi 11 linatosha kabisa, mradi ncha yake isichongoke kupita kiasi, kwa maana ncha kali mno ndiyo inayotoboa utumbo, na utumbo ukitoboka nyama iliyo karibu nao huharibika.

Kisu nilichoagiza kwa fundi wa Katuba kina bapa la sentimita 10, mgongo wenye unene wa milimita 3 na ushei, na ncha iliyoshushwa kidogo chini ya mstari wa mgongo, kama nilivyomchorea kwenye kipande cha katoni. Chuma chake kilitoka kwenye resori, yaani yale mabamba yaliyopinda chini ya lori ambayo hubeba uzito wa mzigo. Chuma cha aina hiyo kwa kawaida huwa na kaboni ya karibu asilimia 0.6, kiasi kinachokiwezesha kupokea ugumu wa makali, na tena kimekusudiwa tangu mwanzo kupinda na kurudi bila kuvunjika. Katika jimbo ambalo malori ya madini hupita usiku na mchana kuelekea mpaka wa Zambia, resori zilizokatika hazikosekani.

Chuma peke yake hakitoshi, kwa sababu kinachomtofautisha fundi na mwanafunzi wake ni namna ya kuutawala moto. Fundi ninayemzungumzia hufanya sehemu hii ya kazi kivulini kwa makusudi, maana kwenye jua kali rangi ya chuma kilichoiva haisomeki. Hukipasha kwa makaa hadi wekundu wake uelekee rangi ya chungwa, kisha hukijaribu kwa sumaku. Sumaku isiposhika tena, jambo linalotokea chuma kinapofikia nyuzi 770 hivi, yeye hukiacha kipande kidogo zaidi motoni na kukizamisha katika mafuta ya mawese yaliyopashwa, si katika maji baridi ambayo yangeweza kukipasua. Baada ya hapo hupitisha tupa juu ya makali, na tupa ikiteleza bila kuuma, anajua kwamba chuma kimekubali. Hatua inayofuata ndiyo ambayo mafundi wenye haraka huiruka: kisu hurudishwa kwenye joto la wastani, kama nyuzi 200, mpaka uso wake uliosuguliwa upate rangi ya majani makavu, ili ugumu upungue kidogo na makali yasimeguke yanapokutana na mfupa. Nilimwuliza kwa nini hutumia muda mrefu hivyo kwa kazi ambayo mnunuzi hawezi kuiona kwa macho. Alinijibu, "Papa, kisu kisichopumzishwa kinavunjikia mkononi mwa mteja, na mteja anarudi hapa na kelele."

Porini uvumilivu wake unalipa. Makali huingia chini ya ngozi kwa utulivu, tumbo la bapa lililo na mviringo mpole hufuata ubavu bila kuchana nyama, na kazi ya mnyama mmoja humalizika kabla mkono haujahisi haja ya jiwe. Haja hiyo inapokuja, dakika chache juu ya kinoo cha kawaida hurudisha makali, kwa kuwa chuma hiki si kigumu kiasi cha kukataa kunolewa. Nalitilia mkazo jambo hili la mwisho, kwa sababu kisu ambacho hakinoleki kambini bila vifaa maalumu hakimfai mtu aliye mbali na mji, hata kama kilikuwa kikali namna gani siku ya kununuliwa.

Kuhusu mpini, nina neno zito zaidi. Fundi hutoa nafasi ya kuchagua kati ya mbao na pembe ya pongo, na nawasihi wasomaji wachague mbao. Katika Marekani na Ulaya wawindaji wa kulungu hupenda sana mipini ya pembe, nao wana sababu, kwani pembe za kulungu wa huko ni mfupa mtupu, huanguka zenyewe kila mwaka na kuota upya, hivyo mtu anaweza kuziokota msituni, akazikata na kuzitoboa apendavyo. Kusini mwa Sahara hatuna kulungu wa jamii hiyo. Pembe ya pongo haianguki maishani mwake. Ni ganda la kitu kilekile kinachofanya kucha, limevikwa juu ya mfupa, na mfupa huo ukitolewa hubaki uwazi ndani. Fundi hulazimika kuujaza uwazi huo kwa mbao na gundi, kisha ganda hunywea katika ukavu wa Julai na kutanuka mvua zinaporudi, mpaka ufa unatokea. Inapendeza ukutani. Mkononi, penye damu na mafuta, inateleza.

Mpini wangu ni wa mukula, mbao nyekundu ambayo watu wa Haut-Katanga wameiona ikikatwa kupita kiasi kwa ajili ya kusafirishwa Uchina, na nilifurahi kusikia kwamba fundi hutumia vipande vinavyobaki kwa maseremala badala ya kuagiza magogo mapya. Msuka wa bapa unapita katika mpini mzima hadi mwisho, nao umeshikwa kwa misumari ya shaba iliyogongwa na kulainishwa. Wapo watakaoona misumari hiyo kuwa pambo dogo, lakini mimi sioni chuma kingine kinachostahili zaidi mahali hapo, katika nchi ambayo wazee wake waliyeyusha shaba na kuimimina kuwa misalaba ya biashara karne nyingi kabla ya kampuni ya madini ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906.

Sasa nivigeukie visu vya kutoka nje. Opinel namba 8, kisu cha kukunja kutoka Savoie nchini Ufaransa ambako karakana hiyo ilianza mwaka 1890, ni kisu ninachokipenda kwa dhati. Bapa lake la sentimita 8.5 ni jembamba kuliko yote niliyoyataja, hukata nyama iliyokwisha kuchunwa vizuri kuliko kisu changu cha resori, na pete ya kufungia iliyobuniwa mwaka 1955 hulizuia bapa lisiangukie vidole. Ila mpini wake ni wa mbao isiyopenda maji. Ikilowa huvimba na bapa hukataa kutoka, ndiyo maana watu wa Savoie wenyewe wana desturi ya kugonga kisigino cha mpini juu ya kitu kigumu ili bapa lichomoze. Mwindaji atafanya vyema kukiweka mfukoni kiwe kisu cha pili, cha kukatia mshikaki na kitunguu.

Buck 110, iliyotoka Marekani mwaka 1964, ilipata heshima kubwa miongoni mwa wawindaji wa kulungu wa huko, na aliyewahi kuishika anaelewa sababu: bapa lake la karibu sentimita 9.5 hudumu na makali, na likifunguka hufungwa imara kwa chuma cha mgongoni. Uzito wake wa karibu gramu 200 ni mkubwa kwa mtu anayetembea tangu alfajiri, na ncha yake iliyochongwa mgongoni inadai mkono makini wakati wa kupasua tumbo. Zaidi ya hayo, kisu chochote cha kukunja hukusanya mafuta na manyoya ndani ya bawaba, na kambini ambako maji ni ya kunywa na kupikia bukari, yaani ugali, kukisafisha kisu cha namna hiyo ni kazi ya ziada.

Okapi ndiyo rahisi kuliko vyote kupatikana kwetu. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, na tangu mwaka 1988 hutengenezwa Afrika Kusini. Jina lake ni la mnyama wa msitu wa Ituri ambaye sheria ya nchi yetu inamlinda kikamilifu. Ni kisu cha uaminifu kwa bei yake, chuma chake hunoleka upesi, lakini kinafaa zaidi kwa kamba na matunda kuliko kwa kiungo cha pongo.

Mzee aliyenifundisha uwindaji, mtu wa upande wa Kasenga, hakuwahi kunieleza haya yote kwa mpangilio. Aliyafundisha kwa utani wa kambini, na mpaka leo ninapokipima kisu kipya huisikia sauti yake. Kijana akichomoa kisu na kukisifu kabla hatujaona hata nyayo, mzee alikinusa na kusema, "Kisu chako bado kinanukia duka." Mwingine akilalamika kwamba kisu chake kimechoka, aliambiwa, "Kitachokaje? Kimelala ndani ya ala tangu asubuhi." Methali isemayo kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama aliirefusha kwa njia yake, akiongeza, "na asiye na kisu hula mchuzi," na hayo hayakuwa maneno matupu, kwa sababu aliyeazima kisu cha mwenzake kambini kwetu alipewa shingo, sehemu yenye mifupa mingi kuliko nyama. Nakumbuka pia yule aliyekosa shabaha akajitetea kwamba risasi ilipita juu kwa kuwa pongo aliinama kula. Mzee alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akamshauri, "Kesho umngoje amalize kula, anawe mikono, ndipo upige."

Tulicheka sana, na kicheko hicho kilikuwa na kazi yake, maana kijana aliyechekwa kwa kisu butu hakurudi tena na kisu butu. Utani ule ulikuwa na mpaka pia. Mzee hakucheka kamwe mnyama aliyejeruhiwa na kukimbia. Siku kama hiyo kambi nzima ilinyamaza, na tulifuata damu mpaka giza lilipotuzuia. Vilevile hakutania kuhusu kibali, ingawa sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 ilikuwa ngeni masikioni mwa wengi wetu wakati huo, na wanyama wa Kundelungu, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970, aliwahesabu kuwa mali isiyo yake.

Kisu cha Katuba kina kasoro ambazo mnunuzi anapaswa kuzijua. Chuma cha resori hupata kutu upesi, na asiyekipangusa na kukipaka mafuta kila jioni atakiona kimebadilika rangi baada ya usiku mmoja wa umande. Madoa ya kijivu yanayoletwa na damu hayana madhara, hata hulinda chuma kidogo. Kutu nyekundu ndiyo adui. Visu viwili vya fundi mmoja havilingani kamwe, kwa hiyo inafaa kushika kadhaa kabla ya kulipa, kutazama makali kutoka mbele ili kuona kama yamenyooka, na kuomba tupa ujaribu mwenyewe. Ala ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote: ngozi inayotumiwa ni laini mno, na ncha inaweza kuitoboa mtu akianguka. Mimi nilipeleka kisu kwa mshona viatu, akanishonea ala ya ngozi nene ya ng'ombe yenye tundu dogo chini la kutolea maji, na gharama hiyo inapaswa kuhesabiwa pamoja na bei ya kisu.

Bei yenyewe hupatanwa kwa dola au kwa franka, na hata baada ya kuongeza ala ya mshona viatu nililipa kiasi kilicho chini sana ya bei ya Buck 110. Fundi hana kibao mlangoni. Mtu huongozwa na mlio wa nyundo. Anayekihitaji kisu kabla ya kiangazi aagize mvua zinapoelekea kwisha, mwezi wa Machi au Aprili, kwa kuwa kuanzia Mei wachinjaji na wawindaji hujaa pale na fundi hakubali kuharakishwa, na aende na mchoro wake pamoja na kiganja chake mwenyewe, kwani mpini hukatwa kwa kipimo cha mkono utakaoushika.