Matembezi ya historia Iringa mjini: ukienda usikubali kuruka Mkwawa

Natoa nyota nne kati ya tano kwa yule kijana anayetembeza wageni Iringa mjini kwa miguu na bajaji, ile moja iliyobaki nitaieleza huko chini. Watu wengi wakija Iringa wanataka wapande mwamba wa Gangilonga wapige picha, kesho yake Isimila kwenye zana za mawe za kale, halafu hao wanarudi Dar. Gangilonga ni pazuri sikatai, na boma la Mjerumani nalo limetunzwa vizuri, ila kwangu mimi hela yangu ilirudi tulipofika chuo cha Mkwawa.

Wengi tunapajua pale kama MUCE, chuo kishiriki cha UDSM tangu 2005, walimu kibao wa sekondari wamepita pale. Wakubwa kidogo wanapakumbuka kama Mkwawa High School, kidato cha tano na sita. Sasa kabla ya yote hayo palikuwa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, St Michael's and St George's, ilifunguliwa 1959, na miaka mitatu haijaisha bendera ya Mwingereza ikashushwa! Hebu fikiria, mabweni na madarasa yote yale yamejengwa kwa ajili ya watu ambao muda wao hapa nchini ulikuwa unaisha.

Na chanzo chake kinaanzia Kongwa, kule Dodoma, kwenye ule mradi wa karanga wa Mwingereza wa mwaka 1947, wakaleta matrekta, wakafyeka pori, mvua ikagoma, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, mamilioni ya pauni yakapotea na kufika 1951 mradi umekufa. Majengo yalibaki, wakaweka humo shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, na hiyo ndiyo ilihamishiwa Iringa. Kwa nini Iringa? Baridi, malaria kidogo, halafu nyanda za juu zilikuwa na walowezi, wenye mashamba ya tumbaku huku Iringa na wenye chai kule Mufindi, kila mmoja na shamba lake mbali na mwenzake, kwa hiyo bweni lilikuwa lazima.

Kijana anatembea na faili la plastiki lenye fotokopi za picha za zamani, zimechakaa kwenye kona mpaka karatasi imekuwa laini kama kitambaa, anazipitisha mkono kwa mkono. Mpwa wangu wa darasa la sita akashika picha akaangalia weee, akauliza, "Kaka, sasa sisi tulikuwa tunasoma wapi?" Yule kijana hakukwepa, akamweleza taratibu kwamba shule zilikuwa za makundi matatu, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na bajeti hazifanani hata kidogo, mpaka mwaka 1962 serikali ya uhuru ilipofuta utaratibu wa kusomesha watu kwa rangi. Mtoto akasema "kumbe" halafu akanyamaza. Kwa hilo tu nampongeza sana huyu kaka, maana watu wazima wengi wangembabaisha.

Halafu jina. Mkwawa, chifu wa Wahehe, aliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, akajiua 1898 ili wasimkamate akiwa hai, kichwa wakakipeleka Ujerumani, kikarudi Kalenga, iliyokuwa ngome yake, 1954. Miaka mitano baadaye, karibu tu na hapo Kalenga, Mwingereza anafungua shule ya watoto wake na kuipa majina ya watakatifu wake. Kisha baada ya uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 60, shule hiyohiyo inapewa jina la Mkwawa na watoto wa Kiafrika wanalala kwenye mabweni yaleyale. Mzee mmoja tuliyekuwa naye kwenye kikundi alisoma pale kidato cha tano, akatuambia mwezi wa saba blanketi moja lilikuwa halitoshi, walikuwa wanalala na masweta. Mimi nilisisimka jamani, nilitamani tukae pale mpaka jioni.

Ile nyota moja sasa. Habari za Kongwa alizipitia mbiombio, mengi niliyoandika hapo juu nilikuwa nayajua kutoka kwa baba, na akawaambia wageni kwamba wale wanafunzi walikuwa wanaletwa kutoka Uingereza, wakati wazazi wao walikuwa walowezi na watumishi wa serikali humuhumu Tanganyika. Nilimwambia pembeni kwa heshima akapokea vizuri. Lakini kama ndiyo kazi yako inakulisha, soma kaka, unacho kipaji.

Bei inaongeleka, mkiwa kikundi anapunguza. Mwambieni mapema kama mnataka kuingia chuoni ili aombe ruhusa getini, na ratiba yake inaanzia mjini ila nyie mwombeni aanzie Kalenga makumbusho asubuhi, chuoni mje baadaye, hadithi inakaa sawa zaidi hivyo. Vaeni sweta.